Mahindi ya Stoo ya Tulia

Wacuka, acha kila kitu usome hii.

Si Katunge alijigamba kwa hii training ya bioinformatics ati mahindi ya kwao Tulia hayana shida? Leo kompyuta imelinganisha jeni za kuvu aliyotoa kwa hayo mahindi mwezi wa Machi. Ni ile ya sumu, ile inaua ini.

Nikamtania, "Kumbe kwenu mnapika githeri ya mochari!" Darasa likacheka.

Yeye hakucheka. Akampigia mamake, sote tukisikia. "Mwaitu, mwaga mahindi yote ya stoo!"

"Nimwage gani? Si yaliisha tukipikia watu matanga ya susu?"

Wacuka. Yaliisha kwa matanga.

Susu, nyanya yake tuliyemzika Aprili. Yule macho yaligeuka manjano.

Na ule muthokoi, mahindi ya kukobolewa, tulikula huko matangani. Mimi na wewe. Mimi niliongeza sahani.