Mkafuri wa Baba Unakataa Maji

Jumatano, 3 Agosti 2022
Hapa Changsha, China, joto la kuchoma nyayo, mvua hakuna! Mkafuri alioupanda Baba uani unapukutika. Mama kaumwagia ndoo nzima. Maji yakateleza juu ya udongo, yakakimbilia mlangoni kwa jirani, Bi Kuang. Naye hakosi neno: eti marehemu Baba alikuwa mbishi akiwa hai, mbishi hata kaburini. Nikacheka. Mama hakucheka.

Ijumaa, 5 Agosti
Mama anasema Baba ndiye anayekataa maji. Eti kamkasirikia yeye. Tangu tumzike, anausalimia mti huo kila asubuhi na kuusimulia umbea wa mtaa. Mti ukifa, anasema, atakuwa mjane mara ya pili.

Jumapili, 7 Agosti
Nimechota udongo wa shinani, nikadondoshea tone la maji. Likakaa juu kama ushanga. Halizami! Kazi yangu ni kupima udongo wa bustani za mji, na wa nyumbani sikuuona. Majani ya mkafuri yana mafuta. Yakiungua juu ya udongo mkavu, mafuta hushika kila chembe, maji hayapenyi tena.

Na anayewasha moto hapo ni nani? Mama. Watu humchomea marehemu wao pesa za bandia za karatasi, azitumie ahera, tena njia panda. Yeye huchomea shinani, kila mwezi — Baba hakupenda kutembea mbali.

Jumatatu, 8 Agosti
Nikashuka na jembe, nivunje gamba la juu lisilopitisha maji, nichanganye udongo wa mfinyanzi unaoyashika. Mama kaja mbio, mwiko mkononi.
"Mali ya baba yako hiyo! Unamwibia marehemu?"
"Mama, ni majivu tu..."
"Majivu tu! Basi nami nikifa, usinipe hata hayo."
Nikarudisha jembe. Ningemwambia nini? Kwamba anauua kwa kuupenda?

Alhamisi, 11 Agosti
Nimejaribu maji ya sabuni, yalainishe yale mafuta; yameingia upande mmoja, kidogo. Tawi la pili limekauka. Nimechoka.

Ijumaa, 12 Agosti
Leo ni siku ya wafu, kila nyumba inawachomea wao. Mama kafunga furushi la pesa za karatasi, kubwa kuliko yote, juu yake jina la Baba. Anataka kumwomba radhi, anywe maji. Moto mkubwa hivyo — mti hautapona. Amenituma kiberiti. Naandika nimesimama jikoni, kiberiti mkononi. Niseme? Nisiposema? Anaita. Anaita tena.

Sasa ameacha kuniita. Namsikia kupitia dirisha akimwambia Baba avumilie kidogo, mtoto analeta moto.