Mpira wa Magongo na Sikio la Kushoto

Newala, 14 Juni

Dada Zaituni,

Shikamoo. Sisi tuko salama. Maji ya bomba hayajatoka wiki ya pili sasa, na baba ameanza kupulizia dawa mikorosho ya shamba letu la Makote.

Jumamosi timu yetu ya mpira wa magongo iliifunga Masasi moja bila. Golini nilizuia mipira kumi na mmoja, nilihesabu mwenyewe. Sijawahi kucheza vizuri namna ile. Tulipokaa kuvua viatu, nahodha wetu Mwanakombo, ambaye ni beki, akasema, "Shakila, tumekubaliana. Kwenye mashindano ya mkoa golini atakaa mwenzako Pili."

Nilidhani ananitania. Niliwatazama wenzangu, hakuna aliyecheka.

"Lakini sijafungwa," nikasema.

"Hujafungwa. Ila tukikuita huitiki. Mabeki tunacheza kwa hofu mechi nzima. Tunaona unatudharau."

Dada, hapo nikaelewa. Tangu ile homa ya mwezi wa tatu, sikio langu la kushoto halisikii kabisa. Sikumwambia mtu, nikaamini nimeficha vizuri. Kumbe wenzangu waliona siitiki, wakadhani ni dharau.

Niliwaambia palepale. Mwanakombo aliinuka akaja kukaa upande wangu wa kulia.

"Ungetuambia," akasema.

Golini atakaa Pili, hilo halijabadilika. Kesho Mwanakombo atanisindikiza hospitali. Baba bado hajui. Naomba umpigie wewe, mimi nimeshindwa.

Mdogo wako,
Shakila