Ndoa ya Saa Saba

Jumanne, 8 Februari 1825

Wino nimeumwaga mara mbili.

Nimefanya jambo. Mimi, Dorcas Lyddon, dada wa mchungaji, ambaye watu wa Skelgarth hunitolea mfano kwa binti zao! Acha niandike kwa mpango, labda moyo utatulia.

Leo asubuhi ndugu yangu Edmund alikuwa awafungishe ndoa Keziah Raine na Reuben Coates. Majina yao yameshatangazwa kanisani Jumapili tatu. Mimba ya Keziah ina miezi minane, haifichiki hata kwa blanketi. Bwana Metcalfe, msimamizi wa maskini, alishaagiza mkokoteni: ikifika saa saba mchana hajaolewa, apakiwe arudishwe parokia aliyozaliwa. Maili arobaini, theluji hii! Eti mtoto asije kuwa mzigo wetu. Akiolewa, basi, ni mtu wa hapa kama mumewe.

Saa tatu, saa nne, saa tano — Reuben hayupo. Anachimba madini ya risasi ng'ambo ya mlima, na njia imefukiwa. Keziah kakaa benchi la mbele, macho mlangoni.

Na sheria ninaijua. Ndoa hufungwa kati ya saa mbili asubuhi na saa sita mchana. Mchungaji akipitisha saa sita kwa kujua — miaka kumi na minne ya uhamisho. Meli ya wafungwa. Upande wa pili wa dunia.

Saa sita kasorobo nikazunguka nje, nikapanda ngazi za mnara. Nikaukamata ule uzito unaoyumba chini ya saa. Saa ikanyamaza.

Edmund alikuwa chumba cha nyuma, anasoma. Hana saa ya mfukoni. Mawingu mazito, jua halionekani. Nikangoja. Sijui nilingoja kwa muda gani, nilijua tu kuwa ni mrefu mno. Mara Reuben akaingia, barafu ndevuni, analia kama mtoto. Nikapanda tena, nikausukuma ule uzito.

Edmund akatoka, akaitazama saa. “Bado kasorobo! Haya, wanangu, upesi.”

Walikuwa wanatia sahihi daftarini Metcalfe alipoingia na mjeledi wa mkokoteni mkononi. Akatoa saa yake ya fedha. “Saa saba na dakika kumi, mchungaji. Saa yako ya mnara imelewa?”

Reuben akacheka.

Jumatano, 9 Februari

Sijala. Mlango ukigongwa, nakimbilia dirishani kuchungulia ni nani.

Edmund ananyoa ndevu huku anaimba. Nimemlea tangu ana miaka mitano, mama alipofariki. Hajui kitu. Hiyo ndiyo faraja yangu pekee — asiyejua hana kosa. Kosa ni langu peke yangu.

Ijumaa, 11 Februari

Metcalfe amekuja. Kachagua wakati Edmund kaenda kwa wagonjwa. Hakukaa. Alisimama jikoni, buti zinadondosha maji sakafuni.

“Bi Dorcas, Jumanne nilizunguka nyuma ya kanisa. Theluji ina nyayo kwenye ngazi za mnara. Ndogo. Karani wetu Amos ana mguu kama jahazi, si wake hizo.”

Nikamwambia huwa ninafagia ngazi.

“Kupanda mara mbili, kushuka mara mbili, na hujafagia hata moja?” Akatabasamu. Afadhali angefoka! Akasema yeye si mtu mbaya. Ana parokia ya kulinda, na wachimba madini hufa vijana wakaacha wajane na watoto wa kulishwa. Akasema daftari ni karatasi tu. Karatasi huchanika, panya wapo, na bila ukurasa hakuna ndoa. Ukurasa ukipotea kabla ya Jumatatu, naye atasahau alichokiona. Usipopotea, ataenda kwa hakimu.

“Mfikirie kaka yako,” akasema. “Kifua chake kile, hata miezi mitatu melini hamalizi.”

Ni kweli. Kifua chake ni kibovu.

Jumamosi, 12 Februari

Nimekwenda. Adhuhuri, kweupe, kana kwamba nakwenda kubadilisha vitambaa vya madhabahu. Nilikuwa na ufunguo wa sanduku la daftari na kisu cha kukatia mkate.

Ukurasa wenyewe nimeusoma mara tano. Jina la mume, jina la mke, wote wakazi wa parokia hii, wametangazwa, tarehe, mashahidi Amos Birkett na mimi. Mahali pa kuandika saa hapapo! Daftari lenyewe halisemi uongo hata mmoja.

Chini, sahihi zao. Reuben kaweka msalaba, hajui kuandika. Keziah naye msalaba. Keziah! Nilimfundisha mwenyewe kuandika, misimu miwili ya baridi, na mwandiko wake unaushinda wa Edmund. Nikatazama msalaba ule hadi nikaelewa. Hakutaka kumwaibisha mumewe mbele yetu.

Mtu aliyeingia kwenye ndoa kwa adabu namna hiyo, nimkate kwa kisu cha mkate?

Nimefunga sanduku. Kisu nimekirudisha jikoni.

Jumatatu, 14 Februari

Nimemwambia Edmund. Sikuweza tena. Tulikuwa mezani, uji wa shayiri unapoa. Nilisema yote — ngazi, uzito wa saa, nyayo, Metcalfe. Nikasema hakimu akija nitasimama niseme ni mimi, na yeye ataapa kweli tupu kuwa hakujua.

Hakuinua macho.

“Nilijua, Dori.”

Nikadhani sikusikia vizuri.

“Nilikusikia ukipanda. Ngazi zile zipo nje ya ukuta ulio nyuma ya kiti changu. Nami nilikuwa na njaa kweli — tumbo langu linaijua saa sita kuliko mnara wowote. Nikaendelea kufungua kurasa. Sikusoma hata mstari.”

“Ukasema bado kasorobo!”

“Nilisema saa inavyosema.”

Nikampiga kofi. Mchungaji wa miaka ishirini na sita! Kisha nikamkumbatia, tukalia wote wawili. Basi hakuna tena asiyejua. Hakuna wa kuokolewa kwa ukweli.

Alhamisi, 17 Februari

Metcalfe alikwenda kweli. Hakimu anakuja kesho.

Reuben na Keziah walipita. Wamesikia. Reuben anataka wahame usiku huu huu, eti wakiondoka kesi itakufa. Keziah akamkatiza: “Utanibeba mgongoni, wewe? Nimeolewa hapa, nitazalia hapa.” Kisha akanitazama, midomo inamcheza. Anaogopa kama mimi. Pengine zaidi.

Sasa Edmund kajifungia, anaandika. Haniambii anaandika nini.

Ijumaa, 18 Februari

Naandika kwa penseli, ukumbini mwa kanisa. Baridi inang'ata vidole. Hakimu yumo ndani, daftari limefunguliwa mbele yake. Anatuita mmoja mmoja.

Metcalfe alitangulia. Alitoka akirudisha saa yake mfukoni, hakunisalimu.

Kisha Amos. Kupitia mlango nilimsikia akipayuka, “Kengele? Mheshimiwa, mimi kengele sijaisikia tangu mfalme aliyepita!” Hakimu akauliza tena kwa sauti. “Ndiyo, mheshimiwa, bibi harusi alipendeza sana!” Mzee mwongo — jana kanisikia nikinong'ona jikoni. Nilitaka kucheka, meno yakagongana.

Edmund alikaa ndani muda mrefu kuliko wote. Ametoka sasa hivi. Mweupe kama mshumaa, lakini hakohoi. Akainama kana kwamba ananifunga skafu.

“Nimemwambia ni mimi niliyepanda. Nimeapa, nikampa na karatasi niliyoiandika jana. Nimesema nyayo zangu theluji ilizifukia, zilizobaki ni zako kwa sababu ulipanda baadaye kunifuata, ukanikuta huko, ukanisihi niache. Usinikanushe, Dori. Ukinikanusha nitakuwa nimeapa uongo, na wewe watakuchukua vilevile.”

Nikamuuliza kwa nini. Akasema, “Ulipanda wewe ili nisipande mimi. Leo ni zamu yangu.”

Nimemfundisha asiseme uongo tangu hajajua kuvaa viatu. Na leo kaapa uongo, kwa ajili yangu, ndani ya kanisa lake. Nikisema kweli, namwangamiza. Nikinyamaza, namwangamiza taratibu zaidi.

Mlango umefunguka. Karani wa hakimu anasoma jina langu kwenye karatasi yake, anakosea kulitamka: Doricas Lyddon?

Edmund kanishika mkono. Ninauondoa, kidole kimoja kimoja.

Naitwa tena.