Macho ya Bibi, na Sasa Macho Yako

Mayu wangu mpendwa,

Mwangaluka. Huku Kilosa tumeamka wazima, mume wangu na watoto wote, ila moyo wangu hauna raha. Masanja mdogo wangu, msomee mama polepole, usiruke mahali. Nakujua kwa uvivu.

Mayu, Masanja ameniandikia kwamba macho yako yamekuwa mekundu, na kwamba jirani aliyefiwa na mtoto amewakataza wanawe waliobaki kula michembe yako ya viazi. Wewe unasema ni moshi tu. Najua ni moshi. Hata ya bibi yalikuwa moshi.

Namkumbuka mama yako pale Lingeka, akipuliza moto wa mavi ya ng'ombe yaliyokauka kwa kuwa kuni hazikuwapo, machozi yanamtoka huku akitucheka sisi wajukuu tuliokimbilia nje. Alizaa wengi, akabaki na wewe tu. Kila jioni aliwapikia wanaume ugali wa mtama, nao wakaula uani kwenye moto wao wakimsifu. Kisha ule msimu wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuja na malori yao, mtoto wa pale jirani akafa kwa homa. Mganga akasema mchawi ni kikongwe mwenye macho mekundu. Wale wale waliokula ugali wake wakaitikia.

Marehemu baba alimsihi aje kwetu Bariadi. Bibi akajibu, "Nile kwa mkwe wangu, nilale kwa mkwe wangu? Watu watanionaje?" Tukamwacha, tukidhani mambo yatapoa. Wiki ile ile akakatwa mapanga mlangoni kwake. Wewe ndiye uliyemwosha, hukutaka tumwone. Mpaka leo nina hasira na watu wale. Na bibi pia nina hasira naye, kwa heshima yake ile.

Sasa nasikia nawe unasema mama mkwe haishi kwa mkwe. Nilimweleza mume wangu, ambaye huzicheka mila zetu. Safari hii hakucheka. Alisema, "Mwambie nitakula kwa jirani mpaka atakaponizoea." Kesho yake akaanza kutoboa mlango wa pili kwenye chumba cha nyuma, ili upite bila kukutana naye.

Usingoje pamba ipate mnunuzi. Mwachie Masanja. Panda lori lolote la Shinyanga, kisha treni mpaka hapa.

Nisalimie shangazi Minza msuka vikapu, na baba mdogo anayetutunzia ng'ombe. Ila safari usimwambie mtu, hata wao.

Kama ni aibu, njoo uione hapa kwangu ukiwa hai. Bibi alimheshimu mkwe wake mpaka mwisho, na mkwe wake ndiye aliyemchimbia kaburi. Mume wangu hataki kazi hiyo.

Mwanao anayekungoja,
Kabula