Chuo Alichokisikia Bibi

Mitole, Kilwa

Mwanangu Zakia,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hatujambo, ila bibi yako miguu haimbebi tena. Siku hizi biashara imekuwa ruksa, mitumba imefika hadi huku, nimekuwekea gauni.

Tulipomweleza kwamba mikoa ya Lindi na Mtwara imeungana kufundisha vijana ufundi katika chuo kimoja, nawe umo, bibi alishika neno moja tu: chuo, na kwake chuo ni cha Kurani. Akatangaza kijiji kizima kuwa unasoma Kurani, utarudi kumsomea marehemu babu yako hitima. Jana nikamwambia ukweli, unajifunza uashi. Nikadhani atakasirika.

“Wa kusoma wapo,” akasema. “Mwambie aje na mwiko wake. Kaburi la babu yake linabomoka, na mimi pangu nimeshapachagua, pale pembeni yake.”

Akuombeaye kila swala,
Mama yako, Somoe