Lengalenga Nje ya Viroba

Buzebazeba, Kigoma

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje, na ile dawa ya kuchua bado ipo? Sisi huku tu wazima, ila mimi nimechoka kwa hasira, ndiyo maana nakuandikia badala ya kupiga simu. Kwenye simu huwa unasema "haya mwanangu" kabla sijamaliza, kisha unampa mtu mwingine. Barua hii nimempa nahodha wa boti ya Kagunga, na utakaa nayo hadi mwisho.

Uliniuliza kama lile tenki la maji limeshakuja. Halijaja, na usiniulize tena mbele za watu.

Nilikueleza kwamba manispaa ilitangaza kuwasaidia akina mama wanaolima mjini. Kikundi chetu cha wanawake wanane kikapewa viroba ishirini vya kuoteshea mboga, mbegu za mchicha, na mafunzo ya siku moja chini ya turubai. Tukaambiwa kikundi kitakachopita ukaguzi kitaletewa tenki na bomba, tulime mpaka kiangazi bila kubeba ndoo kichwani. Wakanichagua mwenyekiti. Najua ulicheka.

Sasa sikiliza kosa langu, na nusu yake ni yako. Huko nyumbani si tunafagia mabaki ya dagaa chini ya vichanja na kuyafukia kwenye migomba? Nami nikaenda kwa wavuvi wa Katonga, nikaomba gunia zima, tukayachanganya na udongo kwenye viroba vyote. Mimi mjuaji. Hazikupita siku mbili, paka wa mtaa mzima wakahamia kwetu, na kunguru nao. Walichana viroba, wakafukua miche, na uvundo ukafika mpaka sebuleni kwa mwenye nyumba. Vikabaki viroba vinne. Udongo uliomwagika tukaufukia nyuma ya bafu, na mbegu zilizobaki nikazitupia huko huko kwa hasira.

Mama, ungeziona lengalenga zilivyoota hapo. Majani mapana kama kiganja cha Baba. Tumekula, tumegawa, na bado zipo. Basi bibi shamba wa manispaa alipokuja kukagua nikampeleka moja kwa moja nyuma ya bafu. Aliinama, akashika majani, akauliza tumetumia mbolea gani, akasifu kweli kweli. Kisha akafungua karatasi zake, akarudi mbele ya nyumba na kuanza kuhesabu viroba. Kimoja, viwili, vitatu, vinne. Nikamwambia mboga si hizo ametoka kuzishika sasa hivi.

"Mradi ni wa viroba, mama," akasema. "Zile mimi sijaziona."

Halafu akaomba fungu moja la kupeleka nyumbani kwake. Nikamchumia mawili. Ningefanyaje, na kalamu anayo yeye? Ameondoka na mafungu mawili ya mboga asizoziona.

Hata hivyo hakutukata. Ametupa wiki moja, atarudi mara ya mwisho. Mama Zuhura, mweka hazina wetu, mtu wa Ujiji asiyekubali kushindwa, akaleta viroba vitupu vya unga na kusema zile za nyuma ya bafu tuzihamishie humo. Nilibisha siku nzima. Nilimwambia mboga iliyokwisha kukomaa haihamishwi juani, hata mtoto anajua. Akaniuliza kama nina tenki jingine mahali. Nikaenda kutafuta jembe.

Msalimie kaka, umwambie hata nikiomba mabaki ya dagaa asiniletee. Msalimie wifi, na shangazi wa mawese, mafuta yake yalifika salama. Na wewe acha kuinama kwenye muhogo, wajukuu wapo.

Naishia hapa, wenzangu wananiita nyuma ya bafu. Tangu asubuhi tunang'oa mboga zilizostawi na kuzipandikiza kwenye viroba. Nusu zimeshanyauka, Mama, na tunaendelea kung'oa, ili tupewe maji ya kuzimwagilia.

Mwanao,
Restuta, mwenyekiti