Kijiji cha Watu Wasiokula

Nyakato, 9 Machi 2025

Mdogo wangu Teodora,

Habari za Dodoma na masomo? Mimi ni mzima wa kutembea tu. Bado nabeba magunia ya mashudu ya pamba hapa kiwanda cha mafuta, vumbi linanikwaruza kifua. Nimechoka, Teo. Nataka kurudi nyumbani Nansio nikalime mihogo na mama. Lakini ada yako inatoka mgongoni kwangu, ndiyo maana nakuuliza wewe kabla ya mama. Nirudi?

Kaka yako,
Elias

Dodoma, 2 Aprili 2025

Kaka Elias,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya. Swali lako limenikuta kwenye kazi ya utafiti. Nimetengeneza kijiji cha kubuni ndani ya kompyuta. Programu inaonyesha maisha ya kila kaya mwaka hadi mwaka, vijana wakienda mjini kutafuta kazi. Sasa kila nikiiendesha, watu wote wanahama, kijiji kinabaki kitupu, na kinatajirika. Msimamizi wangu alicheka, akauliza huko nani analima. Amesema nisipolipata kosa narudia mwaka.

Nimekagua fomula zote. Jana ndipo nikaona: mshahara wa aliyehama unafika nyumbani wote. Sijaandika popote kwamba naye anakula. Kaka, unaishije huko? Hujawahi kusema.

Mdogo wako,
Teo

Nyakato, 5 Aprili 2025

Mdogo wangu,

Marahaba. Umeuliza, nakujibu, ila mama asijue. Nakula jioni tu, ugali na dagaa. Chumba tuko wanne. Mwenzangu Ngosha akirudi kutoka zamu ya usiku nampisha kitanda kikiwa bado na joto langu. Ukiumwa, siku hiyo hailipwi. Mama nilimwambia nina chumba changu, maana hakuna anayeondoka kwao akapiga simu kusema ameshindwa.

Kwa hiyo mtu wako wa kompyuta mpe tumbo, mpe na kikohozi. Halafu umejibu yote isipokuwa nililokuuliza.

Kaka yako,
Elias

Dodoma, 20 Mei 2025

Kaka,

Shikamoo, na pole na kifua. Nimempa tumbo, kodi ya chumba na siku za kuumwa. Kijiji kimeacha kutajirika, wengi wanarudi baada ya miaka michache, na msimamizi ameikubali kazi.

Kisha nikaweka kaya kama yetu: mama na shamba lake, mtoto mmoja chuoni, mmoja mjini. Huyo wa mjini harudi mpaka wa chuoni amalize. Nimeiendesha tena na tena, harudi. Nimetafuta kosa hapo, kaka, kwa sababu nilitaka liwepo. Halipo. Na mimi bado nina mwaka mzima. Kukwambia rudi sithubutu, kukwambia kaa siwezi.

Mdogo wako,
Teo

Nansio, 29 Juni 2025

Mdogo wangu,

Marahaba. Natumaini u mzima. Mimi sasa nalala usingizi.

Nilisoma ujumbe wako mara nyingi, kisha nikamwachia Ngosha kitanda chote, nikapanda meli. Mama alinipokea gatini, akanitazama mabega yalivyokonda, akasema, "Huyu ndiye mwenye chumba chake?" Nikamweleza yote. Alinikasirikia siku mbili, lakini uji alikuwa ananiletea.

Najua nilichokufanyia. Ukikasirika una haki. Hesabu yako sibishani nayo. Kama kosa halipo, halipo. Ila humo kwenye kompyuta, huyo mtu wa mjini mwache arudi, hata mara moja, uangalie wa chuoni anafanyaje. Ukishaona, uniambie. Mimi na mama tunakaa tukiwaza hilo, na hatuoni jibu.

Kaka yako,
Elias